Mashaallah Iliyochelewa

Shabbir alikuwa mzima wa roho yake mpaka siku ndugu yake Tayabali aliponunua gari la umeme. Yeye lake alikuwa nalo zamani, la Kijapani, la mtumba, na Kikwajuni nzima wakimwita Shabbir wa Umeme, jina alilolipenda kuliko alilopewa na wazee wake. Sasa mdogo mtu naye kaja na lake la Kichina, jipya, jeusi, linang'ara mpaka unaweza kupaka wanja kwa kujitazama mlangoni mwake. Watu wakamsahau Shabbir. Hebu niambie, roho ya mtu isimuume?

Na siku ya kisa chenyewe ilikuwa ya harusi. Sahar, binti pekee wa Shabbir, anatolewa Kikwajuni kupelekwa kwenye karamu Mangapwani, na gari la bibi harusi ni moja tu. Lipi? Bibi yake Sahar, Mariambai, alishasema kuwa mwenye kuchagua ni Sahar mwenyewe. Shabbir akaogopa kumuuliza. Baba mzima, kamlea mtoto, kampeleka chuoni na kumrejesha kwa gari lile lile, leo aje aambiwe nnapanda la Ami Tayabali? Bora asiulize. Atawahi kutia chaji, atawahi mlangoni, atasema gari tayari, mwanangu ingia. Nani atamshusha?

Basi huyoo, mbio mpaka kituo cha chaji ya haraka cha Bububu. Gari lilikuwa limeshinda likibeba masufuria na mashangazi, betri iko hoi. Nasima, msichana anayekitunza kituo, akamchomekea waya wa aina ya zamani, maana gari lile halikubali mwengine.

"Leo jua kali, Bwana Shabbir," akamwambia. "Betri yako ikishapata moto inakunywa kwa kijiko. Vuta subira."

Subira ataitoa wapi? Mara Tayabali huyo anaingia, kashuka na koti lake la harusi, anacheka.

"Asalaam aleikum, bhai!" Ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa kwao.

Shabbir aliitikia kwa pua. Tayabali akachomeka waya wa kisasa, na lile gari, loo! Halikunywa, liligugumia. Namba kwenye kioo cha mashine zinapanda kama zinafukuzwa, na za Shabbir zimekaa palepale zinamkodolea macho.

"Mashaallah!" akasema dereva mmoja wa teksi aliyekuwa akisubiri zamu. "Mashaallah!" akasema Nasima. Hata muuza madafu aliyekuwa ng'ambo ya njia alivuka kuja kulisema. Ndilo neno la kusema ukiona kizuri cha mwenzio, kisije kikadhurika kwa jicho lako. Wote wamelisema, kasoro Shabbir. Neno moja tu, jamani! Alilitafuna, likamkwama. Moyoni akasema jengine: lizimike hilo.

Likazimika. Taa ya mashine ikageuka nyekundu, namba zikaganda, na waya ukang'ang'ania kwenye gari, hautoki. Nasima akabonyeza, akavuta, akampigia simu fundi.

"Gari na mashine hazisikilizani," akasema. "Waya hautoki mpaka fundi afike."

"Kuna mtu hapa hakusema mashaallah," akasema yule dereva wa teksi, na macho yote yakamgeukia Shabbir.

Shabbir alifurahi, nisikufiche. Lake, kijiko kwa kijiko, lilikuwa limeshafika nusu, na nusu inamfikisha Mangapwani bila wasiwasi. Akachomoa, akapanda. Tayabali akafungua buti, kisha akamkimbilia kanyoosha mkono.

"Bhai! Bhai, ngoja!"

Aa, anataka lifti huyo, anataka kuja kupakia maringo yake kwangu. Shabbir akapandisha kioo, akaondoka.

Kikwajuni vigelegele vilikuwa vishaanza. Sahar akatoka, kapendeza mpaka babake akasahau kushuka kumfungulia mlango. Akalizunguka gari, kisha akalizunguka tena.

"Baba, maua yako wapi?"

"Maua gani?"

"Asumini za kupambia gari. Nilimpa Ami akuletee Bububu, akupambie wakati linaingia chaji. Nilimwambia tangu juzi kuwa nnakwenda na babangu. Hakukwambia?"

Shabbir aliliona tena lile buti lililofunguliwa na ule mkono ulionyooshwa. Haya zikamshika, kisha khofu juu yake: jicho lile lile alilolitazamia gari la watu ndilo analomtazamia mwanawe sasa.

"Mashaallah," akasema mbiombio. "Mashaallah, mashaallah, mwanangu."

Njiani kwenda Mangapwani, walipofika Bububu, alisimama bila ya kuambiwa. Tayabali alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti limelowa jasho, kapakata asumini zilizoanza kunyauka. Taa bado nyekundu. Shabbir akashuka, watu wote wanamtazama, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye lile gari jeusi, akaliwekea mkono.

"Mashaallah," akasema kwa sauti. "Gari zuri, Tayabali."

Tayabali akainuka polepole.

"Tangu nimelinunua kila mtu ameshanambia hivyo, bhai," akasema. "Nilikuwa nalisubiri neno lako."

Akampita, akaenda kuzifunga asumini kwenye gari la Kijapani, hata zile zilizokwisha kunyauka.