Hina ya Eda

Jumatano saa mbili asubuhi Scola alikaa barazani, kwenye nyumba aliyopanga Bagamoyo mjini, akamega kitumbua na kufungua programu ya simu aliyoitengeneza mwenyewe. Programu hiyo ilisoma nguvu ya mtandao kwenye kila simu iliyowekewa na kuichora kwenye ramani: kijani pale mtandao uliposhika, nyekundu pale ulipokata. Asubuhi hiyo ramani ilikuwa nyeupe tupu kuanzia Mbegani hadi Lugoba. Simu zilikuwa zimejipatia toleo jipya usiku, na toleo hilo liliwafungia watengenezaji wa programu wasisome tena vipimo vya mtandao.

Maelezo yalikuwa mafupi na yenye adabu. Anayejua simu yako inashika mnara gani, na kwa nguvu kiasi gani, anaweza kujua ulipo. Kwa hiyo vipimo vimefichwa kwa usalama wako. Scola hakuweza kubisha. Yeye mwenyewe alishakutana na programu za tochi zinazotaka kujua mtu amelala wapi. Kilichomkera ni mstari wa mwisho, uliosema kwamba ruhusa ya kuvisoma imebaki kwa kampuni za simu zenyewe. Yaani anayelalamikiwa ameachiwa ushahidi, na mlalamikaji ameambiwa analindwa.

Akamfikiria Hajra, na kitumbua kikamshinda.

Hajra alikuwa mjane wa miaka thelathini na mbili, akikaa eda katika kitongoji cha Mkungani, ndani kidogo ya barabara ya Msata. Mumewe, Salumu, alikuwa na pumu. Alasiri moja pumu ilimbana kuliko siku zote. Hajra akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, simu isitoke, akatoka mbio kutafuta mtandao. Gari lilipofika lilimkuta Salumu ameshafariki, peke yake kitandani. Msibani Khamis, ndugu wa marehemu, aliuliza swali moja tu: Hajra alikuwa wapi? Akaiandikia kampuni ya simu, na kampuni ikajibu kwa barua yenye muhuri kwamba nyumba ile imo ndani ya eneo lenye mtandao kamili, na mtu anaweza kupiga simu akiwa kitandani kwake. Barua ikasomwa mbele ya ukoo mzima. Tangu siku hiyo Bi Mgeni, mama yake Salumu, aliyeishi ua mmoja na mkwewe lakini alasiri ile hakuwapo nyumbani, aliitikia marahaba na kunyamaza hadi siku ya pili.

Kampuni ilikuwa tayari kusikiliza lalamiko lenye vipimo vya siku thelathini mfululizo. Jumatatu Scola, aliyekuwa amesikia kisa hicho, alimpelekea Hajra simu yenye programu yake, akamwambia asiwe na wasiwasi. Mpaka usiku wa toleo jipya zilikuwa zimepatikana siku mbili tu.

Asubuhi hiyohiyo ya Jumatano, Hajra alikuwa njiani kwenda ofisi ya kata kutia saini karatasi za mirathi. Mjane huruhusiwa kutoka mchana akiwa na haja. Bodaboda ilipopanda mwinuko kabla ya barabara kuu, kucha ya kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto ilipata rangi ya hina. Mbele kidogo ikafuata ya kidole cha pete, kisha ya kati, na alipofika ofisini ya shahada nayo ilikuwa imekolea. Hajra akasaini. Mtendaji akaziona kucha, akageuza macho upande wa dirishani.

Mwanamke aliye edani hajipambi. Habari zilifika Mkungani kabla ya bodaboda, na majirani wakawa wameshajipanga kwenye vibaraza. Lakini Hajra alipoteremka uani kucha zilikuwa safi kama zilivyoondoka, na hapo ndipo Bi Mgeni alipopata shida. Bi Mgeni alikuwa fundi wa hina. Nusu ya maharusi wa njia ile ya Msata walipita mikononi mwake, na alijua kwamba hina ikishashika kwenye kucha haitoki mpaka kucha yenyewe ikue na kukatwa. Aliushika mkono wa mkwewe, akaunusa, akaurudisha. Haikuwa kazi ya fundi yeyote anayemfahamu. Akaagiza aulizwe Sheikh Muhammad.

Sheikh alitaka kujua jambo moja, kama Hajra amejipaka. Hajra akasema hapana. Sheikh akafungua kitabu, akakifunga, na baada ya adhuhuri akaleta jibu kwamba pambo ni la aliyekusudia, na huyu hakukusudia. Aendelee na eda yake. Watu wakaridhika, wakarudi kwenye mihogo yao.

Scola alifika saa tisa kuomba radhi kwa vipimo vilivyofungwa. Alipohadithiwa mambo ya kucha aliuliza ni kucha ngapi. Akaambiwa nne. Akaangalia vile vistari vinne vinavyopanda pembeni mwa kioo cha simu, akatoa daftari.

Walitembea siku tatu, mchana tu, kwa idhini ya Sheikh. Vile vistari vya simu bado vilionekana kwa macho, lakini vilikuwa vimezoea kujisifu; chumbani kwa Hajra vilisimama viwili bila haya, na simu haikutoka. Kucha hazikuwa na tabia hiyo. Chumbani hazikuwa na rangi. Uani hazikuwa na rangi, kisimani vilevile, bondeni vilevile. Scola akaandika yote, mahali kwa mahali, kidole kwa kidole, akayatuma kwenye kampuni.

Baada ya wiki mbili kampuni ilimtuma afisa aitwaye Amedeus, mtu mpole aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akafuatana na Hajra mpaka mwinukoni na kurudi, akaona rangi ikija na kuondoka, akaandika. Hakubisha hata kimoja. Alisema tu, kwa masikitiko ya kweli, kwamba fomu hupokea vipimo vya programu iliyoidhinishwa, na hina haijaidhinishwa. Halafu akagundua tatizo jingine. Mtu yeyote akiziona kucha za Hajra anaweza kukisia yuko umbali gani na mnara. Akaondoka, na kesho yake akarudi na glavu nyeusi ndani ya bahasha.

"Ni kwa usalama wako, mama," alisema.

Hajra akasaini kwamba amezipokea. Khamis, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akisikiliza, akasema basi barua ya mwanzo ingali barua. Hajra aliumia, na hakuficha. Alilia mbele yao wote huku amevaa glavu, kisha akaenda kuosha vyombo.

Asubuhi iliyofuata Bi Mgeni alibisha hodi chumbani kwa mkwewe, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akamwambia avue glavu. Akasimama kando ya kitanda alichofia mwanawe, akaushika mkono wa kushoto wa Hajra, akasema watembee mpaka kucha ya kwanza.

Miguu ya Bi Mgeni ilikuwa imevimba. Walipita uani na kisimani, wakashuka bondeni, wakapanda kwenye mihogo, wakipumzika kila baada ya matuta machache, na Bi Mgeni hakuuacha ule mkono wala hakuacha kuutazama. Jua lilikuwa limeshakuwa kali walipofika mwinukoni, na kucha ya kidole cha mwisho ikapata rangi taratibu. Bi Mgeni akaiangalia kama anavyoangalia kazi ya fundi mwenzake. Kisha akageuka kuitazama nyumba. Lilionekana paa tu.

"Ulikuja mpaka hapa?"

"Nilikuja, mama. Nilikimbia. Niliporudi alikuwa ameshaondoka."

"Na yeye alijua umekwenda wapi?"

"Nilimwambia nakwenda kumwitia gari. Akaitikia kwa kichwa."

Bi Mgeni akakaa chini kwenye majani, akamlilia mwanawe upya, na Hajra akakaa naye.

Eda ikaisha. Hina haikuisha. Watu wa Mkungani walizoea kuja kumwomba Hajra awasindikize wanapotaka kupiga simu Dar, naye huenda nao. Khamis huja pia, akiwa na haja, na hulitazama zaidi jani lililo karibu kuliko kucha za Hajra. Ramani ya kampuni ingali inaonyesha Mkungani kijani kibichi, na maombi ya Scola ya kuidhinishiwa programu bado yanashughulikiwa.

Mwezi wa kumi na moja Bi Mgeni aliwaita vijana wamjengee kibanda cha makuti kule mwinukoni, hatua chache mbele ya mihogo, pale kucha tatu zinapokolea. Siku ya kuhama, Sheikh alimkuta uani akamuuliza mtu wa umri wake anahamia porini kufanya nini. Bi Mgeni hakumjibu yeye. Alimgeukia Hajra, aliyekuwa ameshika upande wa pili wa kitanda.

"Nataka siku yangu ikifika," alisema, "usilazimike kuniacha."

Wakakiinua kitanda, wakaanza kushuka nacho bondeni.