Joho la Jaji

Fundi cherehani alifika sokoni asubuhi na hukumu yake kwenye bahasha. Miezi saba alikuwa akihangaika mahakamani kuipinga sheria iliyofunga vibanda vya soko, na jana jaji alikuwa ameifuta. Cherehani yake ilikuwa imefungiwa kibandani, na bila cherehani yeye alikuwa mama tu mwenye futi shingoni.

Askari wa soko, mtani wake wa siku nyingi, aliisoma hukumu mpaka mwisho.

"Shemeji, hapa jaji kafuta kifungu cha tisa. Kufuli hili ni la kifungu cha kumi."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Bunge limepitisha sheria mpya. Maneno yaleyale, namba tu ndiyo imebadilika."

Fundi akachoka hoi. Hii ilikuwa mara ya tatu. Mahakama inafuta, bunge linaandika, na kila mmoja anasema anamchunga mwenzake asipitilize. Haya, wachungane! Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa zimesimama pale na bahasha mkononi.

Akarudi mahakamani, akafungua kesi ya nne. Mdogo wake, karani wa pale, alimpa tarehe ya Alhamisi. "Dada, safari hii jaji amekasirika. Kifungu cha kumi hakifiki mchana."

Alhamisi alikuwa benchi la mbele hata mfagizi hajamaliza. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Saa tano mdogo wake akatoka akitazama sakafu.

"Imeahirishwa, dada."

"Kisa?"

"Jaji haruhusiwi kusikiliza kesi bila joho. Ndivyo sheria ya bunge inavyosema. Siku zote alikuwa akiazima la mwenzake, na leo mwenzake ana kesi."

"La kwake liko wapi?"

Karani akaitazama futi shingoni mwake. Fundi akakumbuka mwenyewe: joho jeusi la jaji, lililoletwa limefumuka kwapani, alilolitundika msumarini juu ya cherehani siku moja kabla ya kufuli.

"Anauliza litakwisha lini," karani akasema kwa sauti ndogo.

"Mwambie lilikwisha zamani, na kwapani nimelirudia mara mbili." Akaikunja bahasha, akaitia mkobani. "Linasubiri hukumu, kama mimi."