Siki ya Bibi Bibiana

Natangaza rasmi kwamba sayansi imepata ushindi mkubwa hapa Kilosa, jikoni kwa bibi yangu Bibiana. Mwanasayansi ni mimi, niliyepata sifuri ya kemia muhula uliopita.

Kila asubuhi Bibi alikuwa akinywa siki ya tufaha bila kuichanganya na maji, eti ishushe sukari. Ilimchoma koo na kumletea kiungulia, hata meno yakawa yanamuuma. Nilipofika likizo nikaimwaga, nikajaza chupa chai ya rangi iliyopoa, na matone machache ya siki kwa ajili ya harufu. Nilitaka kucheka tu.

Kiungulia kikaisha. Leo Bibi, akiamini siki imemponya, ametia vidonge vyake vya sukari kwenye ndoo ya taka, na anajiandaa kwenda Mikumi kumshauri dada yake Natalia aache vyake pia. Mimi nimefagia uwanja mara mbili bila kutumwa.

"Goodhope, mume wangu, mbona hutulii?" akaniuliza. "Hebu onja na wewe."

Akanimiminia kijiko kimoja. Nikameza haraka.

"Natalia alipoionja alitokwa na machozi," Bibi akasema taratibu. "Wewe hata uso hujakunja."

"Nimezoea, Bibi. Sisi tunakula chakula cha bweni."

Hakucheka. Akamimina kidogo kwenye kikombe cheupe, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Ni chai, Bibi," nikasema. "Tangu nilipofika. Naomba nikuokotee vidonge."