Chama cha Kantini

Mugambi wa ofisi ya wafanyakazi alikuwa Mkenya mwenye Kiswahili cha kutosha kutuchongea kwa bosi, basi. Kiwanda chetu cha ndoo za plastiki, huku ugenini kusini mwa Afrika, mtaa wa viwanda wa Jacobs, kilimwajiri kwa hilo: sisi wageni tukinong'ona, yeye atafsiri. Bosi alishatangaza kwamba akisikia habari za yuniyoni, mhusika atafute kazi kwingine.

Wakati huo mashine ya kukata ilikuwa imeshakula vidole viwili vya Prodige, Mkongo niliyesimama naye zamu. Kisu cha mashine hiyo hakikuwa na kinga. "Banasema kinga iko nakuya toka Ujerumani," aliniambia aliporudi na bandeji yake. Mkaguzi wa serikali alikuja, akanywa chai ofisini, akaondoka bila kukanyaga kiwandani. Analipwa mshahara kufuata biskuti tu.

Nikaamua tujiunge na chama cha wafanyakazi. Nilikuwa namwambia Prodige, "Ijumaa tuna chama," Mugambi akatokea nyuma yangu. Nikajua nimekwisha.

Akacheka. "Kumbe mko na chama, dada Coletha? Hata mathe yangu ako na chama huko Meru. Wanachangiana, kila mwezi mmoja anabeba. Kutaneni kantini, nitaongea na bosi."

Mimi mtu wa Mbeya, kwetu ukitaja chama kazini, ni cha kumbana mwajiri. Sikumsahihisha ng'o. Bosi alifurahi kusikia tunacheza upatu, akatuachia birika la kantini kila Ijumaa. Tukaandikishana hapo hapo, kwenye meza zake, mpaka tukapita nusu ya kiwanda.

Afisa wa chama alipofika getini kudai mazungumzo, ndipo Mugambi alipoelewa ni chama gani. Sikumwonea huruma hata chembe.

Dai letu la kwanza lilikuwa kinga, la sivyo hakuna atakayewasha mashine. Bosi akarudia wimbo wake wa Ujerumani, meli na foleni ya bandarini. Tukaketi. Asubuhi nzima haikutoka ndoo hata moja.

Mchana fundi wa mashine akaenda stoo, akafunua turubai, akarudi amebeba kinga. Ilikuwa na vumbi, na rangi ileile ya mashine. Prodige akamuuliza nani aliitoa.

"Mimi," fundi akajibu, macho kwenye bisibisi. "Bosi alisema inachelewesha kazi."

Prodige alimshikia skrubu, akampa moja moja, kwa ule mkono wenye vidole vyote.