Njia Zisizohifadhiwa

Feni ya kompyuta ilivuma tena; umeme ulikuwa umerudi. Panuluh akatazama kioo cha kompyuta. Ile programu huria ya kuelekeza mtandao wa kijiji, aliyoiweka mwenyewe kwenye mfumo endeshi wa Linux na kuwaringia majirani, ilikuwa imesahau njia zote za kupitishia mawasiliano. Asubuhi aliziandika moja moja, asizihifadhi.

"Fundi wa mdomo!" jirani yake Bu Tumirah, yaani Mama Tumirah, akafoka mlangoni, simu mkononi. "Mwanangu Lestari, mfanyakazi wa ndani huko Hong Kong, hupumzika Jumapili tu. Saa kumi na mbili anarudi kwa tajiri, simu inafungiwa kabatini!"

Ilibaki nusu saa. Panuluh akaanza kuziandika upya njia zile.

"Keti, Bu. Leo utaongea na mwanao, na safari hii nitahifadhi kabla sijajisifu."