Yuditha Hakuandikwa Kuingia

Kitu cha kwanza alichokiona Kindness ni fundo. Mzigo wa majani ya ng'ombe ulikuwa umelazwa mwisho wa kihamba chao, shamba la nyumbani, nyuma ya migomba, asubuhi ya Jumatatu yenye ukungu wa mwezi wa saba. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba iliyozungushwa mara mbili, ncha yake ikasokomezwa ndani kwa upande wa kushoto. Kitongoji kizima kilifunga kulia. Aliyefunga kushoto ni mama yake peke yake, Yuditha, na Yuditha alikuwa amepotea msituni tangu mwezi wa pili.

Kindness aliubeba mzigo hadi bandani akampa ng'ombe wao, aliyeitwa Kalenda. Kalenda alikula yote mpaka mabua. Jioni maziwa yaliongezeka. Baba yake, Anaeli, aliitazama ndoo akasema labda ni hali ya hewa.

Jumatano palikuwa na mzigo mwingine. Ijumaa mwingine. Kindness hakumwambia mtu. Hakuwa mtu wa kusema. Shule aliiachia darasa la tano, mwaka ambao mwalimu alitaka kila mtoto asimame asome kwa sauti mbele ya wenzake, na tangu hapo watu walikuwa wamezoea kumjibia maswali.

Jumatatu iliyofuata aliwahi, akakaa kwenye ukingo wa mfongo, ule mfereji wa maji waliouchimba mababu. Kihamba chao kilikuwa cha mwisho kwa upande ule wa Machame. Baada ya migomba ilikuwapo njia, baada ya njia bikoni za mpaka, za saruji zilizopakwa chokaa, na baada ya bikoni msitu. Kipande cha kwanza cha msitu watu walikiita nusu maili. Bibi zao walikata majani humo na kuokota kuni. Baadaye nacho kiliingizwa hifadhini, na aliyekata majani humo akaitwa mvamizi.

Yuditha alitokea kwenye ukungu akiwa na mzigo kichwani. Alisimama katikati ya bikoni mbili, akautua, akausukuma kwa mguu. Mzigo ukavuka. Yeye akabaki.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kalenda anakula?”

“Anakula.”

“Mpe na magadi.”

Kitenge chake kilikuwa kile kile alichoingia nacho, ila mabegani kilikuwa kimeota ndevu za kijivu, zile zinazoning'inia kwenye miti ya juu kabisa. Jua lilipochomoza, kivuli cha Kindness kilielekea bondeni, kama vivuli vyote vya asubuhi. Cha mama yake kilielekea mlimani, kule kule jua lilikotoka.

“Vuka basi,” Kindness alisema.

Yuditha aliinua mguu, akaupeleka mbele, akautua. Ulitua pale pale ulipokuwa. Alirudia mara tatu bila haraka, kama mtu anayemwonyesha fundi mahali kiatu kinapobana.

“Unaona,” alisema. “Sina kibali.”

Siku hiyo hiyo Kindness alimwambia baba yake, na Anaeli akapanda na hotipoti ya mtori. Alimtazama mke wake.

“Umekonda.”

“Huku hakuna ndizi.”

Aliisukuma hotipoti kwa fimbo mpaka ikavuka. Yuditha alikula akiwa amesimama, akasema chumvi imezidi, na Anaeli akasema ni kweli, imezidi.

Kesho yake Anaeli alichuma isale. Hili ni jani refu la mmea unaopandwa mipakani na makaburini. Mchagga akikuletea isale anakuomba msamaha, na ukishaletewa huna namna ya kukataa. Kwa isale watu wamesameheana mashamba, wamesameheana hata damu. Anaeli alivaa koti lake la kanisani, akalishika jani kwa mikono miwili, akatembea nalo hadi geti la hifadhi.

Ofisa wa geti alikuwa kijana mstaarabu, mwenyeji wa Kanda ya Ziwa. Alisimama, akatoa shikamoo, akavuta kiti. Anaeli aliliweka jani mezani akangoja. Ofisa naye akangoja. Alilitazama jani, akaligeuza, akatazama na chini yake.

“Mzee, hili umelichuma wapi?”

“Mpakani kwangu.”

Ofisa aliguna kwa huzuni. Mpaka wa Anaeli ndio huo huo uliokuwa mpaka wa hifadhi. Alichukua karatasi akaandika: jani moja, la kijani, limechumwa mpakani. Akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akalifungia kijikaratasi cha namba, akalipeleka stoo kwenye mapanga na miundu waliyonyang'anywa wanawake. Nakala akampa Anaeli.

“Kuhusu mama,” alisema, “nimepitia daftari lote. Jina lake halimo. Asiyeingia hawezi kutoka, mzee wangu. Nikimtoa, nitakuwa nimemtoa nani?”

“Yupo pale. Twende ukamwone.”

“Namuona kila siku nikipita doria. Tunasalimiana. Mimi nazungumzia daftari.” Alifikiri kidogo. “Apatikane mtu aliyemuona akiingia. Aseme mbele ya mkutano, tumwandike mama. Akishaandikwa kuingia, kutoka kunaombeka.”

Isale ni mmea usiokufa kirahisi. Ndani ya wiki moja lile jani liliota mizizi mfukoni, na wiki ya pili likatoka kwa madirisha ya stoo. Ofisa alilipunguza kila Ijumaa, na kila alichopunguza alikiandika kuwa kielelezo.

Wanawake walioingia msituni siku ile ya mwezi wa pili walikuwa kumi na mmoja, Yuditha akiwamo. Anaeli aliwazungukia nyumba kwa nyumba. Mmoja alikuwa kliniki. Mmoja alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Hilda, jirani yao wa chini, alisema alikuwa anafua, akataja na sabuni aliyotumia. Hawakuwa na roho mbaya. Kusema umemuona Yuditha akiingia ni kusema ulikuwa humo, na kesi moja inatosha kuiangusha nyumba.

Akabaki Kindness. Yeye siku ile hakuvuka bikoni. Aliachwa nje, chini ya mti wa mruka unaoitazama njia, na kazi yake ilikuwa moja: akiona askari, amwite Kalenda kwa sauti kubwa, kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Ng'ombe wa Machame hatoki bandani tangu azaliwe hadi auzwe, lakini askari wengi walitoka mikoa ambayo ng'ombe hutembea, na hawakuwahi kuona ajabu. Ujanja huo ulikuwa umewaokoa wanawake mara nyingi. Siku ile hawakusikia kitu. Walishtukia tu askari wako katikati yao, wakatupa mizigo, wakakimbia, wakatoka kumi. Baadaye walikubaliana kwamba askari walishuka kutoka juu, ambako binti asingeweza kuwaona.

“Ni wewe tu, mwanangu,” Anaeli alimwambia wakichambua maharage. “Maneno mawili. Nilimuona akiingia. Ukae chini.”

Kindness aliendelea kuchambua.

Mkutano ulifanyika Jumamosi, kwenye njia ile ile kando ya bikoni, ili Yuditha atambuliwe. Mabenchi yaliazimwa usharikani. Mwenyekiti Godwin alifungua kwa sala, akaomba watu wasiongee wote kwa pamoja, nao wakaongea wote kwa pamoja.

“Tulikuwa na Jumanne na Ijumaa za kukata majani,” alisema mama mmoja. “Nani alizichukua?”

“Zimesitishwa,” alisema ofisa.

“Kwa barua gani?”

“Barua ipo.”

“Iko wapi?”

“Iko juu.”

Watu wakatazama juu. Mlima ulikuwa umefunikwa na wingu.

Jesse, kijana anayeongoza watalii, aliomba nafasi. “Tuambiane ukweli. Msitu ukiisha na kazi zetu zimeisha. Mgeni ametoka kwao mbali aje aone miti na mbega. Sasa anyanyue kamera, akute mashangazi zangu wameinama, makalio juu?”

Watu walicheka. Yuditha, aliyekuwa amekunja mikono nyuma ya bikoni, alicheka pia.

“Mgongo huo huo unaoinama ndio uliokubeba, Jesse,” alisema Hilda. “Na maziwa uliyokunywa yalitoka humo humo. Au ulifikiri ng'ombe anakula picha?”

“Jamani, sheria si yangu,” alisema ofisa. “Msitu huu ndio maji yenu. Mmoja akikata kidogo, na mwingine kidogo, mtakunywa nini?”

Meku Efraimu, mzee kuliko wote, alielekeza fimbo kwenye mfongo. “Huu aliuchimba babu yangu. Alijua maji yanatoka wapi, na hakuna aliyemuuliza kibali. Leo nikitaka kwenda kuzibua kwenye chanzo, naambiwa niandike barua.”

“Uandike, mzee.”

“Nimeandika mbili.”

Ikafika zamu ya Kindness. Alisimama. Ukungu ulishuka ukawafunika wote, wakawa wanasikiana kukohoa tu, kisha ukapanda tena, na yeye alikuwa bado amesimama, hajasema kitu. Hakuna aliyemharakisha. Mama yake alikuwa akimtazama.

“Nilimuona akiingia,” alisema.

Ofisa aliandika. “Saa ngapi?”

“Saa nne asubuhi.”

“Akiwa na nini?”

“Mundu na kamba.”

Fomu ilikuwa na kurasa mbili. Ofisa aligeuza. “Na askari, uliwaona wakipita?”

Kindness aliangalia vidole vyake vya miguu. Kalamu ilingoja. Upande wa pili wa bikoni Yuditha aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetaka kusikia vizuri.

“Mtoto ana aibu huyo, afande,” alisema Hilda. “Andika hakumbuki.”

Ofisa akaandika hakumbuki. Kindness akatia jina lake chini, polepole, herufi baada ya herufi.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Mwenyekiti Godwin aliyasoma mbele ya ofisi ya kijiji. Barua ilikiri kwamba Yuditha mke wa Anaeli aliingia. Kwa kuwa aliingia bila kibali, kila siku aliyokaa humo alikaa bila kibali, na kibali cha siku zilizopita hakitolewi. Hivyo hangeweza kutoka. Hata hivyo, wakati suala lake likiendelea kushughulikiwa, angehesabiwa kuwa miongoni mwa vilivyomo hifadhini, na angelindwa kama vingine vyote.

“Angalau atalindwa,” alisema Mwenyekiti, akaikunja barua.

Wiki iliyofuata ubao mpya ulisimikwa kando ya njia. Ulikuwa na picha ya nyani, picha ya mbega, na picha ya mwanamke aliyejifunga kitenge. Chini yake paliandikwa: USIWALISHE. Jesse alisimama hapo na wageni wake. Alikuwa akimwita Yuditha shangazi tangu utotoni. Aliwaeleza vizuri, kwa Kiingereza, wakapiga picha, na Yuditha aliwapungia mkono.

Maisha yakaendelea. Jioni wanawake waliacha kamba tupu kwenye bikoni, asubuhi wakakuta mizigo imefungwa kushoto, na ng'ombe wa kitongoji wakanenepa. Askari aliyemkuta mtu akipenyeza hotipoti alitazama upande mwingine. Anaeli alipeleka kiti, akawa anakaa upande wake kila alasiri akimpa mke wake habari za usharika: nani ameoa, nani amegombana na mchungaji. Baada ya muda wengine nao walianza kuonekana kwenye mstari. Walikuwapo wanawake wawili wa kitongoji cha juu, ambao watoto wao walikuwa wameshawasahau sura, na mzee mwenye jembe aliyekwenda kuzibua chanzo cha mfongo kabla Kindness hajazaliwa. Kila mmoja alisimama katikati ya bikoni zake. Watu waliwasalimia wakipita kwenda shambani.

Mwezi wa kumi zile ndevu za kijivu zilikuwa zimefika viganjani mwa Yuditha. Sauti yake ilikuwa imepungua, ikawa kama maji yanayopita chini ya majani. Asubuhi moja, akiwa anafunga mzigo, aliinua macho akamtazama binti yake kwa upole.

“Hivi,” alisema, “yule ng'ombe wetu anaitwaje?”

“Kalenda, mama.”

“Ehe. Kalenda.”

Aliendelea kufunga. Kindness aliona kwamba zimebaki siku chache kabla hajaanza kuuliza na majina mengine, na kwamba siku hiyo ikifika, chochote atakachoambiwa kitakuwa kimeambiwa mtu ambaye hakuwapo. Alisogea mpaka vidole vyake vikagusa chokaa ya bikoni.

“Mama. Siku ile askari hawakushuka kutoka juu.”

Mikono ya Yuditha ilisimama juu ya kamba.

“Walipita kwa chini, njia hii hii,” Kindness alisema. “Walikuwa watatu. Niliwaona tangu wanavuka daraja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwite ng'ombe. Yule wa mbele akanitazama, akatabasamu. Akasema, habari za asubuhi, dada. Nikaona aibu kupiga kelele mbele yake. Nikamjibu, nzuri.”