Samli ya Wifi Mize

"Bi Mwanabaraka, kwani eda imekukataza na kuitumia miguu yako?"

Jirani yangu Nusaiba aliniuliza hivyo siku moja, amesimama dirishani kwangu. Nilicheka.

Mume wangu Hamdan, Mungu amrehemu, alifariki kwa moyo. Uhai wake daktari alitupima sote wawili. Mimi akaniambia kolesteroli yangu nzuri, ile inayozoa mafuta mabaya kwenye mishipa, iko chini. Nitembee kila siku, nile samaki na kunde, nipunguze samli na vya kukaanga. Nikashika. Nikishasali alfajiri, huyo njia ya shamba la muhogo, Wingwi nzima wananiona.

Sasa nimo edani, na amri ya Mungu sibishani nayo. Kinachonibana ni wifi yangu Mize, dada wa marehemu, aliyehamia hapa kunitazama. Kwake yeye mjane hata uani hatoki, ila kwa haja ya choo. Basi nasali, nakaa mkekani, nakula, nalala. Anapika yeye: asubuhi bokoboko, samli imetuama juu kama kidimbwi, jioni chapati na nyama ya mafuta. Nikibakisha huniuliza kama nimeshaanza kukichukia chakula cha kwao Hamdan. Namaliza. Gauni limeanza kunibana kwapani, na nikirudi chooni nahema kama niliyebeba ndoo.

Nusaiba akaniendea kwa shehe kuuliza. Jawabu likaja kwamba kutembea ndani ya ua wangu hakuna ubaya, na mwili ni amana. Mize akasikiliza, akasema shehe hakufiwa na ndugu.

Kesho yake akaniwekea bakuli. Sikulishika.

"Wifi, leo nnataka kunde za kuchemsha. Kisha nitazunguka ua."

"Kaburi halijakauka, weye ushaanza mazoezi. Watu wasemeje?"

"Waseme. Mie nnaogopa kumfuata Hamdan kwa njia ileile. Yeye pia daktari alimkataza samli, na kila ukija ukimwongezea."

Nilitaka aelewe tu. Lakini uso wake ulibadilika, na mimi nikaona ni jambo gani nililolisema, tena kwa dada aliyempikia kaka yake kwa mapenzi. Nikamwita jina lake, taratibu.

Mize akalifunika bakuli kwa kawa, akajitanda kanga, akafungua mlango, akatoka.